Mtani wa Kaka Yangu

Kaka yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi ufundi wake ulikuwa mkubwa kuliko ulevi wake. Mambo yalipogeuka, mikono ilianza kumtetemeka asubuhi, ikawa kutunga uzi kwenye sindano mpaka amwite jirani. Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyetudokeza kwamba Ng'ambo, hapahapa Tabora, kuna watu wanaokutana kila Ijumaa baada ya alasiri, walevi wanaosaidiana kuacha. Nyumba yenyewe hakuijua. Kaka alikubali kwenda, lakini kwa sharti.

"Leo tu, mdogo wangu. Tukipakosa, usinitajie tena habari hizi mpaka unizike."

Nilimwamini, kwa kuwa hakuwa mtu wa vitisho. Mchana ule nilitembea kando yake kama mtu aliyebeba bakuli la maziwa lililojaa hadi ukingoni.

Kosa lilikuwa langu, na lilitokana na haya. Ng'ambo ni mtaa wa watu waliokaa pamoja vizazi na vizazi, wenye biashara ndogondogo na kazi za mikono, wengi wao Waislamu. Sikuthubutu kumsimamisha mtu wa mtaa ule na kumuuliza walevi wanakutana wapi. Nikawa naulizia "kikao cha Ijumaa". Mji wetu una vikao vingi. Muuza mkaa alituelekeza kwa akina mama wa kuweka na kukopa. Mshona viatu, kwa ukarimu wake, alitupeleka mwenyewe mpaka kwenye kamati ya harusi, ambako mwenyekiti alituketisha kabla hatujafungua mdomo, akamuuliza kaka anatoka upande wa bwana harusi au wa bibi harusi.

"Natoka upande wa pombe," kaka aliniambia tulipokwisha kuaga. Alikuwa anaitazama njia iendayo kilabuni. "Jua linashuka. Hivi wewe msomi wetu, huko chuo kikuu hawakuwafundisha kuuliza njia?"

Alinipita, akamwendea mama aliyekuwa akikaanga mihogo barazani kwake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mlevi. Nawatafuta wenzangu wanaotaka kuacha."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mama yule, macho yakiwa kwenye karai. "Pita duka la baiskeli, mlango wa kijani. Si ungesema mapema? Nimewaona mnapita na kurudi, nikadhani mnadai watu."

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Uani wanaume waliketi juu ya mikeka, viatu vimerundikana kizingitini, sauti zao za chini, na mmoja wao anajifuta macho. Mtu yeyote wa Tabora angefikiri kama kaka alivyofikiri, kwamba tumekosea nyumba tukaingia matangani. Na matangani mtu hageuzi mgongo akaondoka. Alivua kandambili, akainamisha kichwa, akaanza kuwapa mkono mmoja mmoja.

"Poleni sana kwa msiba."

Wakatazamana. Kisha mzee mmoja mwembamba, mstaafu wa reli, akaupokea mkono wa kaka kwa heshima zote.

"Tumeshapoa, bwana. Marehemu ni pombe. Tunamzika kila Ijumaa, Jumamosi anakuja kutugongea mlango."

Uani kulilipuka kicheko. Kaka alisimama palepale, nami nikaogopa kwamba atatafuta kandambili zake. Mzee hakuuachia mkono.

"Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

"Mungu mkubwa! Mimi Mzaramo. Kaa hapa."

Utani wa makabila haya mawili umetoka kwenye njia ya misafara, enzi ambazo wapagazi wetu walishuka pwani na kupokewa na Wazaramo. Mtani wako hukwambia lolote, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Babu zako," mzee aliendelea, "walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini, wakazitua. Wewe kichupa tu kimekushinda kukitua?"

"Walifika," kaka alijibu, "kwa sababu njia nzima hapakuwa na Mzaramo wa kuwapigia kelele."

Akaketi.

Mimi nilipokewa upande wa jikoni na mke wa mwenye nyumba, tukamenya karanga pamoja. Kutoka pale nilimsikia kaka akieleza habari za uzi na sindano. Ilikuwa siri ambayo mimi niliijua kwa kuchungulia tu, na kila nilipoigusa tuligombana. Mwenyeji wangu alinieleza utaratibu wao: kila mgeni hupewa mtani wa kumfuatilia, maana neno la ndugu huumiza, la mtani huchekesha kwanza.

Ijumaa iliyofuata kaka alisema ana kazi nyingi. Nilikuwa nimesimama mbele ya cherehani yake, natafuta maneno laini, mzee yule alipotokea na kuwatangazia wapita njia kwamba Mnyamwezi huyu anashona sanda ya pombe lakini anaogopa maziko. Kaka alitukana, akafunika cherehani, akaenda naye.

Ameteleza tangu siku ile, na si mara moja. Mzee huja tu, na matusi yake mapya. Ijumaa ile ya pili niliwatazama wakishuka mtaani wakibishana kwa sauti, mkono wa mzee begani mwa kaka, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kuwafuata.