Panga la Shangazi na Mikono ya Mtani

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja. "Mananasi ya Kiwangwa yanaozea shambani, wewe utayakausha umuuzie nani?" Mwingine akaongeza, "Atarudi Maskati kabla ya Ramadhani." Waliosema hivyo leo wanakuja kuniomba kazi, na ninawapa. Niliondoka na begi moja, nikarudi na stashahada ya usindikaji wa vyakula, niliyoisomea huku nikiosha masufuria ya watu. Banda la kukaushia nililichora na kulijenga mwenyewe. Nilichokopa ni mtaji tu, kwa watu watatu: mjomba wangu wa Bagamoyo mjini, mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na shangazi.

Shangazi ndiye aliyenikopesha nyingi kuliko wote. Alikuwa na shamba lake mwenyewe, na mkono mwepesi. Mumewe, fundi cherehani mpole, alikuwa na pengo mdomoni, na Kiwangwa nzima ilijua limetoka wapi. Mwanamume kupigwa na mkewe kulikuwa mzaha wa kijiweni. Nami nilicheka. Hilo sijivunii.

Asubuhi moja tulikuwa tunapakia lori, mumewe akitusaidia, shangazi akatokea bandani na panga. Alikuwa amegundua kwamba mumewe amempa jirani miche ya mananasi aliyoichagua shangazi mwenyewe kwa ajili ya kupanda.

"Mkono uliogawa miche yangu ni upi?" akamuuliza. "Uweke hapa mezani."

Mumewe alikuwa amebanwa kati ya meza ya kumenyea na ukuta. Panga likashuka, likazama kwenye ubao, kando kabisa ya vidole vyake.

Nikashika mpini wa jembe. Nasema kweli, nilikuwa nimeshachagua pa kumpiga: kichwani. Halafu mkono ukakataa. Shangazi ni baba yangu, ila ni mwanamke. Nikaganda na mpini wangu, huku yeye anaking'oa kile chuma ubaoni akiinue tena.

Aliyesogea ni dereva wa lori, Mnyamwezi wa Tabora. Wao na sisi Wakwere ni watani, na mtani hushika pasiposhikika. Kwenye msiba wa baba yangu dereva huyohuyo alilizuia jeneza mlangoni akidai nauli. Sasa akamkumbatia shangazi kwa nyuma, mikono na panga pamoja, akaketi naye chini kwenye maganda ya mananasi.

"Leo nimekuoa bila mahari, mke wangu!"

"Niache, mtumwa we!"

"Mtumwa wako nimechoka kubeba mananasi. Leo nakubeba wewe."

Shangazi akamng'ata mkono hadi damu ikatoka. Dereva hakumrudishia hata kofi. Panga lilipoanguka akalisukuma mbali kwa mguu, na papo hapo akamwachia. Shangazi akabaki pale kwenye maganda, analia.

Wapakiaji wakamlaumu dereva. "Ungemzaba hata kibao kimoja, ashike adabu!"

Akawajibu huku anajifunga kitambaa mkononi: "Nilikuwa nataka panga. Nimelipata. Kibao cha nini tena?"

Nimekaa madarasa mengi, jibu kama lile sijalisikia. Wanaosema mwanamke haguswi hata akiwa na panga hawakuviona vile vidole mezani. Wanaosema akianza mpige, nilikuwa mwenzao, mpini mkononi. Dereva alitumia nguvu nyingi, tena bila haya, na aliziacha mara hatari ilipokwisha. Watu wakubwa wamepita bandani kwangu. Sijamwona wa kumfikia.

Siku ya kulipa madeni nilivaa kanzu mpya, watu wanione. Nilianza kwa mjomba, nikapita dukani, alasiri nikafika kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Akazitazama noti, hakuzipokea. Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Mpe huyo. Si ndiye mwenye mkono wa kugawa?"

Fundi akacheka, pengo lote nje, akasimamisha cherehani na kuninyooshea mikono yote miwili.