Tulivyozinyoa Punje za Jua

Siku ya kwanza kazini, Daktari, mtafiti mwenye maabara, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu, na sioni haya. Nilikuwa kinyozi Majengo, Nyeri, na wembe wangu ulinijengea nyumba Giakanja. Akanipa kibomba cha glasi cha kudondoshea dawa, akataka nishikilie tone la maji kwenye ncha bila kulidondosha. Nikalishikilia mpaka yeye akachoka kutazama.

"Uko na mkono, Mzee Wanjohi," akasema. "Kesho uje."

Kazi ya maabara ile ilikuwa vioo vya sola, lakini si hivi mnavyoviona juu ya mabati. Karibu nusu ya nguvu ya jua huja kwa mwanga ambao jicho haliuoni, unaitwa infraredi. Utausikia shavuni ukifumba macho asubuhi, ukungu ukishaondoka. Sola ya kawaida huacha mwingi upite bure. Sisi tulitaka kuuvuna.

Tulitumia punje za madini ya risasi na salfa, ndogo kiasi kwamba kwenye chupa unaona wino mweusi tu. Ukubwa wa punje ndio macho yake: ikiongezeka kidogo, inaona mwanga mwingine. Nilidondosha wino huo juu ya kioo kinachozunguka kwa kasi, ukatandaa mwembamba kama pumzi kwenye dirisha. Kuna siku nilisahau kama niko macho au naota.

Shida ilikuwa nywele. Kila punje huzaliwa na nywele ndefu za mafuta, na umeme hauwezi kuzivuka. Daktari akanipa dawa, akaniambia nizinyoe. Nikanyoa. Kioo kikatoka cheusi, kinang'aa, lakini mshale wa mita ya umeme ukalala pale pale kwenye sifuri.

Mkurugenzi wa taasisi, mtu wa tai na haraka, akachungulia mlangoni. "Daktari, kioo kisipotoa umeme kwa infraredi peke yake kabla ya mvua, chumba hiki ni stoo ya viti."

Daktari alikuwa ameumaliza ujana wake mle ndani. Alinawa mikono, akanawa tena, kisha akanigeukia, kioo mkononi.

"Umewafanya nini hawa?"

"Si ulisema ninyoe?"

"Mzee, umewapiga kipara! Wameshikana wakawa bonge. Punje ikishikana na mwenzake ukubwa wake unapotea, haioni tena."

"Ati kipara? Kwetu Majengo ukisema nyoa, ni wembe mpaka kichwa kiwake."

Akacheka, mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. "Basi wapunguze. Wabaki na kanywele kafupi."

Akabadilisha dawa, nami nikapunguza muda wa kuiacha. Tuliharibu vioo vingi. Kilichotupendeza tukakipeleka Nanyuki, upande mkavu wa mlima, maana unyevu wa Nyeri hula punje. Tulikiweka juu ya paa la Hajji, mfanyabiashara wa mbuzi, tukakifunika kwa kichujio cheusi kinachopitisha infraredi tu.

"Mnafunika sola ndio ifanye kazi?" Hajji akauliza. "Hata mbuzi wangu wanawacheka."

"Nyamaza kidogo, Hajji," nikamwambia.

Mlima ulikuwa umetoka mawinguni wote, mweupe, kimya. Mshale ukatikisika. Ukapanda polepole, kama mtu anayeamka, ukakaa huko juu. Daktari akaketi kwenye gunia, mkono mdomoni.

"Iko," akasema. "Iko, Mzee."

Chumba hakikuwa stoo. Mkurugenzi alikuja kupigwa picha na sisi, nami nikasimama mbele, sikuomba ruhusa.

Nilistaafu mkono ulipoanza kutetemeka. Vioo vile bado havijafika kwenye mabati yenu, kwa sababu unyevu unavimaliza mapema. Daktari angali mle ndani anapambana nao, na nyinyi wenye mikono imara nendeni mkamsaidie. Watu huniuliza infraredi inafanana na nini. Sijui. Nimeifanyia kazi miaka mingi, na sijawahi kuiona. Niliona tu, juu ya paa la Hajji wa mbuzi, kioo chetu kikiiona.