Ukuta wa Baba Nekesa Niliupaka Rangi Mimi

Nimekosa, ndugu zangu. Sina wa kumsingizia. Watu wa wakfu hawakukosea, fundi hakukosea, na hata mvua iliyovuja kwenye paa letu miaka nenda miaka rudi haikuharibu kama nilivyoharibu mimi kwa siku tatu.

Naficha jina, ingawa hapa Nairobi mtaa mzima wa Makongeni unajua ni nani. Nyinyi mlio mbali nichukulieni tu kama mama mmoja mwenye mdomo na ufagio, asiyeweza kulala kama vyombo havijaoshwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa katibu wa ukumbi wetu wa mtaa. Kila mtu aliniita Katibu, hata mume wangu akitaka chai. Ukumbi ulikuwa wa harusi, wa matanga, wa mikutano ya kina mama. Na ukuta wake mmoja wa ndani, ule mrefu, ulikuwa umejaa picha za kuchorwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Aliyezichora ni Baba Nekesa, mzee wa Bungoma aliyefanya kazi ya kuandika namba kwenye mabehewa ya treni. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anachukua brashi na rangi yake ya maji, anawachora watu wa mtaa. Wanaume wakitoka shifti na mikebe ya chakula. Kina mama kwenye foleni ya mfereji wa maji. Watu wa matanga wakiimba. Ilimchukua miaka, na hakuna aliyemwomba wala aliyemlipa.

Kwenye ile foleni ya mfereji alimchora mkewe, Mama Nekesa, amebeba debe. Baadaye mama huyo akafariki. Picha zake za kamera zilikuwa nyumbani Bungoma, ndani ya sanduku la mbao, na mchwa wakazila zote. Akabaki pale ukutani tu.

Macho ya mzee nayo yakaanza kufifia. Daktari alimwambia hayatarudi. Ikawa akitaka kumwona mkewe anasimama karibu sana, pua inataka kugusa ukuta. Alikuja karibu kila siku, anasimama, anaenda zake.

Sasa, paa likivuja, maji yanateremka na ule ukuta. Rangi ikaanza kubanduka vipande vipande. Nekesa, binti ya mzee, alikuwa taipisti mjini, na huko akasikia kuna wakfu unaotoa ruzuku kwa wachoraji na kwa watu wanaotaka kuhifadhi michoro ya zamani isipotee. Aliponiambia nilicheka. Mimi nilijua wakfu ni wa kuchimba visima na kulea mayatima. Nani atoe pesa zake kwa ajili ya ukuta? Lakini aliandika maombi, akaniletea nigonge muhuri wa ukumbi, nikagonga.

Jibu likaja kwangu, kwa kuwa anwani ni ya ukumbi, nikampa Nekesa naye akasoma. Wamependa! Watamtuma mtaalamu wao aje aone. Akiridhika, watatengeneza paa kwanza, kisha ile rangi ya zamani itashikizwa isibanduke tena, na kazi yote ya mzee itapigwa picha na kuwekwa mahali pa kutunzwa. Mwisho wa barua waliandika hivi: tafadhali msijiandae kwa lolote, na ukuta msiuguse, tunataka kuukuta ulivyo.

Jamani, hapo ndipo nilipoanguka!

Kwetu mgeni akisema msijisumbue, hiyo ni adabu yake. Anasema asubuhi msijisumbue, mchana anakuta kuku ameshachinjwa, anasema mmejisumbua bure, anakula, na kila mtu amefurahi. Nyumba ambayo mgeni alisema isijisumbue na kweli haikujisumbua, hiyo husemwa mtaa mzima. Ndivyo nilivyolelewa. Nilipoisomea kamati barua ile, mstari wa mwisho niliuruka. Niliona ni heshima tu za watu waliosoma.

Wiki hiyo Baba Nekesa na Nekesa walikuwa wameenda Bungoma kumzika shangazi yao. Nikasema afadhali, wakirudi watakuta nimewafanyia jambo.

Nikamwita fundi mmoja wa mtaa wa Donholm, kijana hodari anayechora mabango ya kinyozi na ya bucha. Alitazama ukuta, akagonga gonga kwa kidole, vumbi likamwagika.

"Katibu, hii ukuta imechoka," akaniambia. "Nipatie siku tatu tu. Utaingia hapa ujiulize kama ni ile."

Alikuja na makopo ya rangi ya mafuta, ile inayong'aa. Alifuata picha moja moja, akipaka juu ya pale pale mzee alipopaka. Na mimi nimesimama nyuma yake kama bosi! Nilimwambia lile rundo la majivu lililochorwa kando ya mfereji aliondoe, wageni wasione uchafu wetu. Nilimwambia wanaume wa shifti awape mashati meupe. Nilimwona Mama Nekesa hana viatu, nikasema hapana, haiwezekani mke wa mzee aonekane peku mbele ya watu wa wakfu. Akamvalisha viatu vyekundu. Akamwekea na midomo ya rangi hiyo hiyo, na nywele kama ametoka saluni.

Siku ya tatu ukuta uling'aa mpaka taa ikaonekana ndani yake. Wote walikuwa na sura moja, ile ya kijana wa bango la kinyozi, lakini mimi sikuliona hilo. Niliona usafi. Niliwaita kina mama wakaja kutazama, wakanipigia vigelegele.

Wageni walikuja wawili. Mmoja alikuwa dereva. Mwingine ndiye mtaalamu, mama wa makamo mwenye miwani, amebeba kamera na sanduku dogo. Chapati zilikuwa tayari, kuku tayari, soda kwenye ndoo ya maji baridi. Alisalimu vizuri, akaingia, akasimama mbele ya ukuta. Aliutazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikadhani amevutiwa.

Akaniuliza nani alipaka. Nikajibu kwa maringo kwamba ni sisi wenyewe, tumejitahidi, tusiwapokee na ukuta mchafu. Alifungua sanduku lake, akachovya pamba kwenye dawa fulani, akasugua mahali padogo pembeni, chini kabisa. Pamba ilitoka na rangi ya fundi. Akasugua tena, ikatoka na rangi ya mzee, na chokaa ya ukuta. Alisimamisha mkono, akanionyesha ile pamba.

Nikamwambia kama ni kosa basi tutaiosha yote, fundi yuko, atarudi kesho. Akavua miwani.

"Mama, ule ulioharibika tungeuokoa," akasema. "Huu haujaharibika. Huu haupo."

Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Rangi ya mafuta imeishika ile ya maji, ukitoa moja unatoa na nyingine. Wakfu ungeweza kumpa mzee msaada wa kuchora upya, hilo lipo, wanasaidia hata kazi mpya. Akauliza, je, mzee anaweza? Nikamwambia habari za macho yake. Chakula changu hakukigusa, na sikumlaumu. Aliagana nami kwa heshima, akaondoka, na ile barua ya pili ilipokuja ilisema kwa upole kwamba wanasikitika. Nilitaka wanitukane. Hawakunitukana.

Baba Nekesa na binti yake walirudi Jumamosi. Nilikuwa nimewangojea mlangoni pa ukumbi tangu asubuhi, na maneno yote niliyopanga yakanitoka kichwani. Nekesa alitangulia kuingia. Aliganda.

"Katibu, waliandika tusiguse," akasema. "Ilikuwa kwa barua. Wewe ndio ulisoma."

Nilishika leso yangu tu.

Mzee aliingia akifuata ukuta kwa mkono, kama kawaida yake. Alisimama katikati, akanusa. Akapitisha vidole, akakuta laini kama sahani. Akasogeza uso karibu, akautazama ule wekundu kwa muda. Nilitaka ardhi inimeze! Nikamwambia yote, nikilia, kuanzia barua mpaka viatu. Nilimwambia anipige kama anataka. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesikia habari za mbali, kisha akaomba kiti. Nekesa akamletea. Mimi nikabaki nimesimama.

Ndugu zangu, nimejaribu kila njia. Nilijiuzulu ukatibu. Nilimpelekea mzee nguo, sukari, unga. Nilimtafuta mchoraji wa kweli, mtu aliyesomea, akakubali kuja kumchora Mama Nekesa upya bure kabisa. Akaleta karatasi na penseli, tukakaa watatu nyumbani kwa mzee. Alimwuliza mzee mkewe alikuwaje. Mzee akasema siku za mwisho hakuwa akiuona uso mzima. Alikuwa akiona jicho, halafu shavu, kidogo kidogo kadiri macho yalivyomruhusu, na sasa vile vipande havikai pamoja.

Kisha akanigeukia mimi.

"Katibu, wewe macho yako ni mazima, na miaka hiyo yote ulikuwa na yeye hapo ndani kila siku," akasema. "Hebu mwambie. Pale kwa mfereji alikuwa anaangalia wapi?"

Nilifumba macho nitafute. Nilipata midomo myekundu. Nilipata nywele za saluni. Mchoraji alinisubiri, penseli mkononi, na mzee alinisubiri, uso wake ameuelekeza ilikotoka sauti yangu. Nilikuwa nimepita mbele ya mwanamke huyo maelfu ya siku na sikuwa nimemtazama hata mara moja.

Nawasihi nyinyi mnaosoma. Mkiambiwa msiguse, msiguse, hata kama mnaona haya. Na kama kuna kitu kwenu ambacho watu wanatoka mbali kuja kukitazama, anzeni kukitazama nyinyi, leo. Mimi mzee yule ananiuliza mpaka sasa, kwa upole ule ule, kila tukikutana. Alikuwa anaangalia wapi? Na kila mara namjibu kwamba bado nafikiria.