Alinifutisha Kazi kwa Kosa Lake, Sasa Mfumo Wake Uko Mikononi Mwangu

Admin, jina langu lifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, kwetu ni Kilungu.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mimi na mchumba wangu, nitamwita Musyoka, tulikuwa tunatengenezea hospitali moja ndogo ya kanisa upande wa Migwani programu ya kompyuta. Rekodi za wagonjwa zilikaa kwenye database, manesi wakizifungua kwa browser. Mimi niliandika majaribio yanayojiendesha yenyewe: yanaingiza wagonjwa wa uongo, yanaangalia kama programu inajibu sawasawa, halafu yanafuta kila kitu. Ndiyo maana niliyawekea database ya kando. Nilikuwa namwambia Musyoka, "Usiwahi kuyaelekeza kwa ile ya ukweli."

Siku wageni wa kanisa walipokuja, alitaka kujionyesha. Akayaelekeza huko huko. Rekodi zote za kliniki ya akina mama zikafutika. Daktari alipouliza, Musyoka akasema, "Ni majaribio ya huyu." Nilimwangalia nikingoja amalizie ukweli. Akainamia viatu vyake.

Nilifutwa kazi. Kanisani wakasema nilifanya makusudi. Halafu watu wake wakaja nyumbani kudai wale mbuzi wa ntheo waliowaleta wakiniposa. Baba aliwafungulia zizi, akawahesabia mbuzi wao.

Siku hizi kazi yangu ni kukagua mifumo ya hospitali. Juzi nimeletewa mfumo wa hospitali fulani Makueni, na mwenye kampuni ni Musyoka. Akanipigia simu. "Dada, ya zamani tuliyaacha. Wewe pitisha tu." Samahani hakusema.

Nikaandika majaribio yangu, moja likakataa. Wagonjwa wawili wakiwa na jina moja, dawa za mmoja zinaandikiwa mwingine. Na huku kwetu akina Mutua ni wangapi?

Manesi wanaanza kuutumia Jumatatu, hata kabla ripoti yangu haijatoka. Uzinduzi ni Ijumaa, Musyoka atasimama mbele ya mke wake na askofu. Natamani niingize Mutua wawili hapo, kila mtu akiona, nimwangalie akitafuta viatu vyake. Nikisema sasa, atarekebisha kimya kimya na bado apigiwe makofi.

Mdogo wangu ameniuliza, "Na watakaopewa dawa kabla ya Ijumaa, wamekukosea nini?" Nilimkasirikia.

Leo ni Jumamosi na sijamwambia mtu mwingine. Nyinyi mliowahi kuumizwa hivi, niseme leo, ama nimngoje Ijumaa?