La Ring Aliyemtaja Mdogo Wake

La Ring alikuwa fundi pikipiki katika mji wa Myitkyina, mtu wa miaka thelathini na minane, mwembamba kama spoki. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, na hakuwahi kukosa hata asubuhi moja. Saa mbili kamili yuko kwenye dirisha la kliniki. Nesi humpa kikombe, anakunywa palepale, kisha nesi humsemesha maneno mawili matatu aone kama kweli amemeza. Baada ya hapo huenda kufungua gereji.

Unga aliuanzia Hpakant, kwenye machimbo ya jedi, yale mawe ya kijani ya thamani, ambako tajiri huwagawia vibarua unga kama kwingine wanavyogawiwa chai, ili wasisikie uchovu. Tu San, mdogo wake, alimfuata hukohuko kwa sababu moja tu: kaka yuko kule. Hilo La Ring hakuwahi kujisamehe. Alipopata nafuu alikwenda kumrudisha nyumbani, akampeleka kliniki kwa mkono wake mwenyewe.

Mshauri wa pale alikuwa Htu Nan, mama wa makamo asiyekosa tambuu mdomoni. Alimtazama Tu San juu mpaka chini.

"Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Nimeburutwa, dada. Huyu kaka akikukamata utadhani amekaza nati."

Htu Nan alicheka mpaka tambuu ikampalia. "Haya. Siku ukianza kulegea uniambie mimi, usimwambie yeye. Atakupiga spana."

Miezi minne Tu San alikwenda vizuri. Alinenepa mashavu, akarudi kwenye kwaya ya kanisa, mama yao akaanza kumtafutia mchumba. Halafu akapata kazi ya kuchota mchanga mtoni. Mashua iliondoka alfajiri, kliniki ikifunguliwa saa mbili. Akakosa siku moja, akakosa tatu, zikawa sita. Aliporudi daktari alimwanzishia upya kwa dozi ndogo, kama ulivyo utaratibu, na dozi ile haikumtosha. Arosto ikamshika, mifupa ikamuuma kama inasagwa. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameurudia unga, na mwezi uliofuata cherehani ya mama ikatoweka nyumbani.

Wakati huo watu wa kanisani, wakiongozwa na shemasi mmoja, walikuwa wakikamata mateja na kuwafungia kwenye kambi ya maombi ng'ambo ya mto. Kule ni kusali na kulima. Dawa hakuna. Mama alitaka Tu San apelekwe, ila hakujua alikojificha. La Ring alijua.

Alikwenda kwanza kwa Htu Nan, akamweleza alipo mdogo wake na kwamba anataka kumtaja.

"Usifanye hivyo," mshauri alimwambia, na safari hii hakuwa na utani. "Mlete hapa, hata akiwa amelewa chakari. Kule mwili utausahau unga, lakini kichwa hakitausahau. Siku akitoka atajidunga kipimo kilekile alichozoea, na hicho kitamuua. Unanisikia?"

"Nimeshamfuata mara saba, dada. Ananikimbia."

"Basi mwache akimbie. Anayekimbia yu hai."

La Ring alirudi nyumbani na maneno hayo, akamkuta mama amekaa jikoni bila kuwasha moto.

"Wewe unakunywa dawa yako, unakula, unalala kitandani," mama alisema. "Mwanangu analala na panya. Mimi nikifa leo, utamtunza wewe? Sema alipo."

Akasema. Tu San alikuwa kwenye kinu cha mpunga kilichoachwa, nyuma ya soko.

Walimkamata alasiri ileile. La Ring alisimama ng'ambo ya barabara, na walipompitisha, Tu San alimwona.

"Kaka, umenitaja wewe?"

La Ring alibaki palepale mpaka walipopotea kuelekea mtoni.

Siku ya kumi na tisa kambini, siku ya Ijumaa, vita vya jeshi na waasi vilisogea karibu na wote wakaambiwa warudi makwao. Tu San aliingia nyumbani ameng'aa, akala sahani mbili za wali, akamkumbatia mama. Kwa kaka yake alisema neno moja tu: "Yameisha." Htu Nan alituma ujumbe aletwe Jumatatu, siku ya daktari.

Jumamosi mchana alisema anakwenda kunywa chai. Mwenye mgahawa alimkuta chooni, sindano bado iko mkononi. La Ring aliitwa kutoka gereji. Midomo ya mdogo wake ilikuwa imegeuka samawati. Alimpiga makofi, akampulizia pumzi, huku mwenye mgahawa akikimbiza pikipiki kwenda kumchukua Htu Nan na sindano ya kumzindua. Htu Nan alifika anahema, akamdunga mara mbili, kisha akakaa chini sakafuni.

Kwenye msiba mama aliwaambia watu, "Afadhali alikufa ameshatubu." Aliishukuru kambi. La Ring hakumweleza kamwe alichoambiwa kliniki. Mwezi uliofuata shemasi alikuja kumwomba awaonyeshe wanapojificha wengine, maana yeye anawajua.

"Simjui yeyote," La Ring alisema, akaendelea kufungua tairi. Mama alimnunia siku nyingi kwa jibu hilo.

Kwenye chumba cha ushauri, wiki tatu La Ring alizungumzia gereji tu. Ya nne alisema, "Uliniambia, dada."

"Nilikuambia. Kisha nikabaki nimekaa hapa, wakati kwenda kwenye kinu kile hakufiki hata dakika kumi."



Mwezi wa tano barabara ya kusini ilifungwa kwa mapigano, na methadoni ikaacha kufika. Dozi za wote zikaanza kupunguzwa, kidogo kila wiki, na Htu Nan hakuwaficha kwamba zikiisha zimeisha. Wengine walimwuliza watafanya nini. La Ring hakuuliza. Siku hizi usingizi haumjii, jasho linamtoka hata kukiwa na baridi, na mikono yake inatetemeka kiasi kwamba wateja wameanza kupeleka pikipiki zao kwa fundi mwingine. Asubuhi bado anakwenda kliniki, kisha gereji. Mama yake haulizi kwa nini anarudi mapema.