Barua ya Rufaa Niliyoiandika Mara Mbili

Asubuhi ile bado iko nami, mwanangu, ingawa nywele zangu zimeshakuwa nyeupe na wengi waliokuwepo wametangulia. Nilikuwa nimesimama barazani kwenye duka la baba pale Kikatiti. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda, na Mlima Meru ulikuwa wazi kuanzia chini hadi kileleni. Baba alikuwa amerudi kutoka usharikani, maana siku hizo barua za watu wengi wa kwetu zilipitia sanduku la kanisa. Mkononi alishika bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Alinipa, akaingia dukani, akaanza kupanga sabuni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Barua ilikuwa fupi. Chuo cha uuguzi nilichoomba kilinishukuru kwa kuhudhuria usaili, kisha kikanieleza kwamba sikuchaguliwa, kwa kuwa hali yangu ya mwili hairuhusu kazi ya wodini.

Ninyi mnaonifahamu mmezoea mwendo wangu, hata nadhani hamuuoni tena. Niliugua polio nikiwa mdogo, mguu wa kulia ukabaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake. Sehemu kubwa ya utoto wangu wa mwanzo niliipitisha hospitalini. Huko kulikuwa na muuguzi mmoja, dada mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kila alipokuja kunigeuza kitandani alinieleza kwanza anachotaka kufanya. "Sasa nakushika bega. Sasa tunageuka." Wengine walinigeuza kama gunia la mahindi. Kwa sababu ya huyo dada nilijua nataka kuwa nani kabla hata sijajua kusoma. Nikasoma, nikamaliza kidato cha nne, Baiolojia na Kemia nikafaulu vizuri. Halafu ikaja barua ile.

Jioni baba alinifuata jikoni. "Binti yangu," alisema, "wameshasema. Tusigombane na watu. Duka hili lipo, utakaa kwenye kiti, utauza, hakuna atakayekusumbua."

Alisema kwa upendo, Mungu amrehemu. Lakini nilipokifikiria kile kiti nilihisi kama mtu anayefungiwa mlango kwa nje.

Chini kabisa ya barua kulikuwa na mstari uliosema kwamba asiyeridhika anaweza kumwandikia mkuu wa chuo kabla masomo hayajaanza. Nikaandika. Niliandika mchana kutwa, na machozi yakinitoka. Kesho yake nikaenda nayo mjini, Ngarenaro, kwa Shangazi Aika, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaacha na kufungua chumba cha kushonea sare za shule. Ukoo wetu wote ulikuwa ukimpelekea barua azikague, na wote tulikuwa tukimwogopa kidogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa. Umekula?"

Alinipa makande, akangoja nimalize. Ndipo akasafisha miwani kwa pindo la khanga na kusoma. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya machozi. Sikuiona.

"Hebu nisomee ile ya kwao," alisema.

Nikamsomea.

"Wamesema hukufaulu masomo?"

"Hapana."

"Wamesema una tabia mbaya?"

"Hapana, shangazi."

"Wamesema nini?"

"Kwamba siwezi kazi ya wodini."

"Haya. Sasa nionyeshe kwenye barua yako mahali ulipowajibu hilo."

Nikaichukua barua yangu na kuipitia kutoka juu hadi chini. Duka dogo la baba lilikuwemo. Huruma za Mungu zilikuwemo. Mguu wangu ulikuwemo karibu kila aya, nikiueleza unavyouma na watoto walivyonicheka shuleni. "Naomba mnionee huruma" nilikuwa nimeiandika hadi nikaona aibu mwenyewe. Jibu la neno walilolisema halikuwemo.

"Unaiweza hiyo kazi?" shangazi aliuliza.

Nilitaka kusema ndiyo, kisha nikakumbuka ukweli. Wodini nilikuwa nimelala, sijawahi kufanya kazi hata siku moja.

"Sijui, shangazi."

Nilidhani hapo atanionea huruma. Aliikunja barua yangu, akanirudishia.

"Basi na wao hawajui. Wamekuona unachechemea, wakakisia. Na wewe unataka kukisia upande wa pili. Nenda kajue kwanza. Ukikuta kweli huwezi, njoo uniambie, tutatafuta kazi nyingine na hakuna atakayekucheka hapa. Lakini usiniletee tena barua ya kilio. Watakuonea huruma, watakuombea, na nafasi watampa mwingine."

Mwanangu, nilikasirika. Nilirudi Kikatiti nikiwa nimevimba, najiambia kwamba shangazi ana moyo wa jiwe. Lakini maneno yake yalikataa kutoka kichwani, na wiki haikuisha kabla sijaenda kwenye kituo cha afya kilichokuwa jirani na kwetu, nikamwomba aliyekuwa mkuu wa wauguzi aniruhusu nijitolee. Aliitwa Sista Felista, mama wa Kichaga, mfupi, mwenye mikono minene na haraka nyingi.

"Hapa hakuna mshahara," aliniambia.

"Sijaja kwa mshahara. Nimekuja kujua kama naweza."

Aliutazama mguu wangu. Aliutazama waziwazi, hakunitazama kwa kuibia kama wengine, na nilimpenda kwa hilo. "Njoo kesho asubuhi," alisema. "Vaa nguo unayokubali ichafuke."

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Siku za mwanzo nilimwaga maji mengi kuliko niliyofikisha. Nilidondosha sinia la vyombo mbele ya wagonjwa wote. Nyonga iliniuma mpaka nikawa naogopa ngazi mbili tu za kuingilia wodini. Siku moja nilikaa nje nyuma ya jengo nikiwa nimeshaamua kwenda kumwambia shangazi kwamba chuo kilisema kweli. Sista Felista akanikuta.

"Unasimama vibaya," alisema, kama mtu anayezungumzia mboga iliyokosa chumvi. "Njoo nikuonyeshe."

Alinifundisha kuegemeza nyonga kwenye kitanda ninapomgeuza mgonjwa, na kuutanguliza mguu wenye nguvu ili uzito uende huko. Shangazi aliposikia, akanipeleka kwa fundi viatu jirani yake, naye fundi akaniongezea soli nene kwenye kiatu cha kulia. Havikuwa viatu vya kupendeza. Lakini nilivivaa nikaona dunia imekaa sawa kidogo.

Kisha ikaja siku alipoletwa mama mmoja mjamzito, mtoto wake wa kwanza, akitetemeka kwa hofu. Alinishika mkono akakataa kuuachia. Nikabaki naye. Nilimpangusa jasho, nikamweleza kila anachokuja kufanyiwa kabla hajafanyiwa, nikamsaidia kugeuka, nikamtembeza kando ya ukuta kwenda na kurudi. Mtoto alipolia, jua lilikuwa limeshavuka kichwani. Sista Felista alikuwa akinawa mikono.

"Leo umekaa chini saa ngapi?" aliniuliza.

Nikafikiri. Sikuwa nimekaa kabisa.

"Basi kaandike barua yako," alisema.

Niliandika ya pili, na haikuwa na machozi. Nilianza kwa kutaja sababu waliyonipa, kwa maneno yao wenyewe. Nikaeleza kwamba tangu hapo nimekuwa nikifanya kazi wodini, kazi gani na gani, na chini ya nani. Nikakiri kwamba siwezi kukimbia, sikuwahi kuweza. Nikasema ninahitaji kiatu chenye soli nene, na tayari ninacho. Mwisho niliomba wanipime kazini, mbele ya macho yao, ndipo waamue. Sista Felista aliandika ushuhuda wake kwenye karatasi nyingine, mistari michache: huyu binti hakimbii, mengine yote nimemwona akiyafanya.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama. "Hii ipeleke," alisema. Akafunga cherehani, akajifunga kitenge kipya, tukaenda wote.

Mkuu wa chuo alikuwa mama wa makamo, mkali, aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alitukaribisha kwa adabu lakini uso wake ulikuwa umeshasema hapana. Alisoma barua yote, akasoma na ya Sista Felista, akarudi tena kwenye ya kwangu.

"Haya yote mbona hukuyasema siku ya usaili?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa akitazama dirishani kana kwamba hanijui, na nikaelewa kwamba hili ni langu.

"Samahani, mama," nilisema. "Sikuulizwa. Nilipoingia mlinitazama mguu. Mkaniuliza jina langu na nyumbani kwetu, mkanishukuru, nikatoka."

Nilihisi nimeharibu kila kitu. Yule mama aliiweka barua mezani, akainyoosha kwa kiganja, polepole.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwepo." Kisha akaongeza, "Sikuahidi chochote, binti. Kamati ndiyo inayoamua. Lakini nitaisoma mbele yao mimi mwenyewe."

Tulipotoka nje shangazi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na hakuuachia mpaka tulipofika barabarani.

Jibu lilichelewa. Nilikuwa nimeshaanza kujizoesha kutolitegemea. Lilipokuja, halikuwa lile nililoliota: nafasi za mwaka ule zilikuwa zimejaa. Lakini kamati ilikuwa imekubali kunipokea mwaka unaofuata bila usaili mwingine, kwa sharti kwamba muhula wa kwanza ningeangaliwa kazini, na nikishindwa ningerudi nyumbani. Baba aliisoma kwa sauti dukani mbele ya wateja, hata sehemu ya sharti. Alipokaribia mwisho alimpa mteja mmoja aimalizie.

Mwaka ule wa kungoja nilibaki kwa Sista Felista. Nikaenda chuoni. Muhula wa kwanza nilikuwa nikijua kuna macho mgongoni mwangu kila niingiapo wodini, na kuna usiku nililia kwenye shuka ili wenzangu wasisikie. Sharti likaondolewa. Nikahitimu. Nikawa mkunga mpaka nilipostaafu, na watoto niliowapokea sasa wananisalimia njiani wakiwa na watoto wao.

Sasa nakuambia haya kwa sababu siku hizi mnakuja hapa kwangu Sokon One, wewe na wenzako, simu mkononi, macho mekundu. "Bibi, sijachaguliwa." Jibu linakuja kwenye kioo kabla mtu hajamaliza chai. Na naona wengi mnafanya kama nilivyofanya mimi: mnakimbilia kuandika wakati moyo bado unachuruzika damu, au mnazima simu na kujilaza mpaka muda wa rufaa unapita.

Si kila rufaa inashinda, na sitaki uondoke hapa na matumaini ya uongo. Kuna kijana wa jirani yangu, Godlisten, aliyenyimwa nafasi ya udaktari. Tulikaa naye hapa kibarazani tukasoma sababu. Alama zake za Fizikia zilikuwa chini ya zile zilizotakiwa na chuo, na hakukuwa na kosa lolote la kuhesabu. Alikata rufaa hata hivyo, akakataliwa tena. Aliumia, lakini alikuwa ameshajua kikwazo kiko wapi, akaomba stashahada ya maabara. Leo anapima damu za watu hospitalini na anatembea kifua mbele. Naye simhesabu kama aliyeshindwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kwanza lia. Lia siku yako moja, nami nitakupikia loshoro, mahindi yetu yale ya maziwa ya mgando. Kisha rudi uisome ile sababu, neno kwa neno, na kama hawakukupa, waulize kwa adabu. Ni haki yako. Jiulize kwa ukweli kama wamekosea. Kama huna uhakika, nenda ukajipime mahali ambapo utachoka na kuona. Ukishajua, wajibu kile walichokisema, wape ushahidi, taja pia lile usiloliweza, maana mtu anayekiri dogo huaminiwa kwa kubwa. Angalia tarehe ya mwisho isikupite. Mtafute mtu wa kuisoma barua yako, na uchague yule atakayekuambia ukweli hata ukimchukia jioni ile. Na ukifika mbele ya wakubwa, usitukane wala usijifute. Sema kilichotokea, halafu nyamaza uwaache wafikiri.

Wakikubali, ingia ufanye kazi. Wakikataa, utakuwa umejifahamu kuliko ulivyokuwa, na mlango utakaoubisha baadaye utaubisha kwa mkono imara zaidi.

Inamisha kichwa nikuwekee mkono. Mungu wa baba zetu, aliyewalinda chini ya mlima huu, aiongoze kalamu yako na kuutuliza moyo wako. Akupe watu wa kukuambia ukweli, na masikio ya kuusikia. Wanaokukisia wakukute ukiwa kazini. Nenda, mwanangu, ukaandike.