Picha ya Mama Kwenye Sanduku la Mchango

Juzi, kwenye duka la vyakula hapa Grant Street, binti mmoja aliweka kwenye kaunta sanduku la mchango lenye picha ya mama yake, anayeugua ugonjwa wa kusahau. Kwetu, sanduku lenye picha ni la matanga.

"Alikufa lini?" mteja akauliza.

"Hajakufa. Anapotea njia. Natafuta mutu wa kumulinda nikiwa kazini."

"Bon, akikufa mutuambie, tutachanga." Pochi ikarudi mfukoni.

Mama mwenyewe, aliyeketi kando ya magunia ya unga, akainuka. Akaitazama picha yake, akafungua fundo la kitenge, akatumbukiza dola.

"Masikini. Pole kwa familia."

Mle dukani tulikuwa watu sita wenye akili timamu. Dola ya kwanza ilitoka kwake.